Komeo la Nje

Pumua, msomaji wangu. Najua wiki nzima chakula hakijapanda ukiufikiria ule mkono uliotua begani kwa Dada Swali nyuma ya nyumba ya watu. Wapo walioapa kwamba ni mkono wa muuaji. Yupo mama mmoja aliyenisimamisha sokoni akaniambia waziwazi kwamba nikimuua Dada Swali, yeye na gazeti hili basi.

Haukuwa mkono wa muuaji. Ulikuwa mkono uliojaa rangi ya kijani.

"Usipige kelele, dada," mwenye mkono alinong'ona. "Ni mimi niliyekutumia ujumbe."

Dada Swali aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamume mfupi, ovaroli limejaa madoa, ndoo mkononi. Fundi rangi!

"We baba, una wazimu? Mtu anashikwa bega hivyo? Nusura nizimie!"

"Sasa ningekuita kwa sauti? Si mtaa mzima ungejaa hapa?"

Hapo fundi alisema kweli. Mwanamke huyu ana kipindi redioni kila alasiri, anasimulia kesi za kweli za mauaji, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelikumbuka. Tangu aanze kuuliza hewani maswali yasiyoulizwa mahakamani, wasikilizaji wanamwita Dada Swali.

Na swali lake la sasa ni moja. Yule binti wa kazi aliyeko mahabusu, kweli alimuua Bibi wa nyumba hii? Bibi alikutwa alfajiri kitandani, kafa kwa kuzibwa pumzi, na mto umo mikononi mwa binti. Jumatatu jaji anasoma hukumu. Ikisomwa vibaya, binti ambaye hata miaka ishirini hajaifikisha atazeekea gerezani.

"Ulisema niuangalie mlango wa chumba alicholala binti," Dada Swali alinong'ona. "Nimeuangalia. Mlango mzuri, umepakwa vizuri. Sioni kitu."

"Huoni kwa sababu aliyepaka ni mimi," fundi alijibu, na hata katika hofu ile hakuacha kujisifu kidogo. "Hebu pitisha kidole hapa. Upande wa nje. Unasikia vivimbe?"

Dada Swali alipitisha kidole. Akavisikia.

"Matundu ya skrubu hayo. Niliyaziba kwa puti. Hapa palikuwa na komeo, dada. Komeo kubwa. Linafungwa kwa nje, binti akiwa ndani."

"Unasemaje?"

"Niliitwa baada ya msiba. Ng'oa komeo, ziba matundu, paka mlango, usiulize. Nikashangaa. Nyumba nzima rangi inabambuka, halafu kinachopakwa ni mlango wa dada wa kazi? Leo nimeitwa kupaka geti, nikasema Mungu anipe nini tena. Nikakutumia ujumbe uje."

Umeliona hilo, msomaji? Mtu aliyefungiwa kwa nje hawezi kutoka kwenda kumziba Bibi pumzi chumba cha pili. Hata mimi niliyefeli hesabu tangu darasa la pili naliona.

"Miezi yote hii, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wanangu pacha wanasoma shuleni kwa Mwalimu Mkuu."

"Wanasoma vizuri tu," ilisema sauti nyuma yao.

Fundi aliganda. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mwenye nyumba alisimama kizingitini na miwani yake ya kamba. Mwalimu Mkuu mwenyewe, mtoto wa pekee wa marehemu. Mwanamke anayeogopwa na wazazi kuliko na wanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu," Dada Swali alisema. Hata kwenye ugomvi, adabu ni adabu.

"Marahaba. Ungepiga hodi ningekukaribisha sebuleni. Umefuata nini nyuma ya nyumba yangu?"

"Komeo."

Fundi alikohoa, akasema amekuja kuchukua ndoo yake tu, ndoo ambayo muda wote alikuwa nayo mkononi, akaondoka karibu kukimbia.

Mwalimu Mkuu hakumtazama hata kidogo.

"Ulikuwa unamfungia," Dada Swali alisema.

"Nilikuwa namlinda. Mtoto wa watu yuko mikononi mwangu. Akitoka usiku akapata mimba, wazazi wake watamuuliza nani? Wewe?"

"Na nyumba ingeshika moto?"

Mwalimu Mkuu alirekebisha miwani yake.

"Na akibanwa na haja usiku?"

"Alikuwa na ndoo."

Dada Swali alihisi damu inampanda kichwani. Mwanamke huyuhuyu aliwahi kuja kwenye kipindi chake akazungumzia haki za mtoto wa kike mpaka akatoa machozi, na Dada Swali mwenyewe akampa kitambaa ajifute. Leo anajibu, alikuwa na ndoo! Kwa utulivu kabisa, utadhani anasema alikuwa na kitanda na shuka!

"Wewe! Uliyelia kwenye kipindi changu!"

"Usinipandishie sauti. Zunguka mtaa huu, gonga mlango mmoja mmoja, uliza madada wa kazi wanalala vipi. Wako wewe analala vipi?"

"Sina."

"Subiri uzae."

"Mwalimu, binti anakwenda kufungwa, na wewe unajua fika kwamba hakuweza kutoka!"

"Alitoka!"

Hapo sauti ya Mwalimu Mkuu ilipasuka. Alivua miwani, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Safari hii hakukuwa na redio.

"Unafikiri ningemnyamazia muuaji wa mama yangu mzazi? Nilisikia kelele, nikashuka ngazi mbiombio. Nikakuta mlango wa binti uko wazi, komeo limevutwa, na yeye kasimama juu ya mama yangu na mto. Niliagiza komeo ling'olewe kwa aibu, nakiri. Bodi ya shule ikisikia, nimekwisha. Lakini alitoka, dada. Alitoka!"

"Jana yake usiku ulilifunga?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Linafunguka ukiwa ndani?"

"Halifunguki."

"Basi nani alilifungua?"

Mwalimu Mkuu aliutazama mlango uliopakwa rangi. Kwa uso ule, ilikuwa mara ya kwanza kujiuliza. Hasira na aibu zilikuwa zimemziba masikio muda wote.

"Humu tulilala watatu tu," alisema polepole. "Mimi, mama na yeye."

*

Barabarani, Dada Swali alimkuta fundi akimsubiri kwenye kona, akaambiwa komeo lilipo, kisha akatoa simu akampigia Wakili.

Wakili mnamjua, ninyi wasomaji wa siku nyingi. Kwa wageni niseme tu: suti safi, sauti ya asali, na anamtetea binti yule bila kulipwa chochote. Siku ileile binti alipokamatwa, yeye alikuwa wa kwanza kufika kituoni na kusema "huyu ni mteja wangu." Wasikilizaji wanampenda. Dada Swali naye, tusifichane, siku za Wakili kuja studioni hupaka rangi ya mdomo. Kwenye redio!

"Wakili, mlango ulikuwa na komeo la nje! Binti alikuwa anafungiwa!"

Upande wa pili palikuwa kimya. Dada Swali alidhani simu imekatika.

"Haloo?"

"Nipo. Umelionaje?"

"Lilishang'olewa. Lakini najua lilipo."

"Lilete ofisini kwangu. Sasa hivi, kabla halijapotea. Na usitangaze chochote, tafadhali. Umenisikia? Chochote."

Sasa, msomaji, unafikiri fundi rangi alilifanya nini komeo zima, gumu, la chuma kizuri? Alitupe? Fundi gani anatupa chuma? Alilipeleka kwake akalifunga kwenye mlango wa choo.

Ndiyo maana dakika chache baadaye Dada Swali alikuwa amesimama nje ya choo cha watu, na ndani kuna mtu.

"Kuna mtu!" sauti ilisema.

"Mke wangu, toka, kuna dharura."

"Hata mimi nina dharura!"

Alipotoka, Mama Pacha alimtazama mgeni juu mpaka chini, akamtambua sauti alipoamkiwa, akafurahi, akaambiwa shida yenyewe, akanuna.

"Yaani nchi nzima imekosa komeo isipokuwa la choo changu? Wanangu wakichunguliwa humu?"

"Nitakuletea jipya, mama."

"Lini?"

"Leo."

"Leo hii, siyo leo ya redioni."

Fundi alileta bisibisi. Lilipotoka, Dada Swali alilipokea akajaribu kulivuta. Halikutikisika. Akavuta kwa mikono miwili, wapi. Fundi akalichukua kwa mbwembwe, naye likamshinda.

"Lete hapa," Mama Pacha alisema. "Linyanyue kidogo, lisukume kwanza, ndiyo ulivute. Ukilivuta tu utakesha. Huyu baba hapa siku ya kwanza alijifungia ndani, akaniita mpaka majirani wakaja kumtoa."

"Hilo nalo la kusema mbele ya mgeni?"

"Wageni wote linawaliza. Mpaka ulizoee."

Dada Swali alicheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi, akalifunga komeo kwenye mtandio akaenda zake mjini.

*

Ofisi ya Wakili ilikuwa na kapeti laini na kiyoyozi kinachovuma. Alimpokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti, akaagiza chai. Dada Swali akalitoa komeo kwenye mtandio, akaliweka juu ya meza, likiwa limejifunga.

"Hili ndilo?" Wakili alilichukua, akaegemea kiti chake. "Maskini binti wa watu. Nani mwingine analijua jambo hili?"

"Mwalimu Mkuu. Na mimi."

Kwa nini alimruka fundi? Hata mwenyewe hakujua. Ulimi tu ulikataa.

"Na uliliokota wapi?"

"Kwenye takataka."

Wakili aliitikia kwa kichwa. Huku akiongea, vidole vyake vilikuwa vinalichezea komeo. Krak, likafunguka. Krak, likafunga.

"Nikuambie ukweli, Dada Swali? Komeo hili halitusaidii. Litatuua. Mwendesha mashtaka atasimama aseme: binti huyu alifungiwa kama mnyama, akajenga chuki, siku alipopata upenyo akalipiza kisasi. Unaona? Hadi leo hawana sababu ya binti kuua. Wewe umekuja nayo kwenye mtandio."

Krak. Krak.

Maneno yalikuwa na akili, na ndicho kilichomsumbua Dada Swali. Kuna kitu pale ofisini hakikukaa sawa, lakini kila alipotaka kukishika kilimponyoka. Alimtazama Wakili usoni. Uso ulikuwa umejaa huruma.

"Lakini kuna mtu alilifungua, Wakili. Huyo mtu ndiye—"

"Niachie mimi." Alivuta droo, akalitia komeo, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni. "Na jambo moja zaidi. Usiende kumwona binti. Roho yake nyepesi sasa hivi. Ukimuuliza mambo ya komeo atachanganyikiwa, halafu Jumatatu atavurugika mbele ya jaji. Nitaongea naye mwenyewe."

"Sawa."

"Uniahidi."

"Nimesema sawa."

Alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wiki mbili zilizopita Dada Swali angekwenda kulisimulia hilo kwa shoga zake. Leo aliurudisha mkono wake mapema.

Chini barabarani alisimama. Redio walikuwa wanamsubiri. Njia ya kushoto ni redio, njia ya kulia ni gereza la mahabusu.

Kilichomfanya awe Dada Swali ni kukatazwa kuuliza. Akashika ya kulia.

*

Binti aliletwa nyuma ya wavu, kitambaa kichwani, miguu imepauka kwa vumbi la uani. Askari jela wa kike aliketi mlangoni na kuanza kupiga miayo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo? Unakula?"

"Nakula kidogo." Alitabasamu. "Huku tunafungiwa wengi, angalau tunaongea."

Dada Swali akasogea karibu na wavu.

"Nataka nikuulize kitu. Kwa nini hukusema mahakamani kwamba Mwalimu Mkuu alikuwa anakufungia kwa nje?"

"Wakili alinikataza. Alisema watasema nina chuki."

"Tangu lini alijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Tangu siku ya kwanza! Na asubuhi ile kwenye simu alikaa kimya kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

"Sikiliza. Mwalimu Mkuu akikufungia, ulikuwa hutoki mpaka asubuhi. Sivyo?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nilikuwa natoka."

Ah! Umeona, msomaji? Ushahidi mzima tumeubeba toka chooni mpaka mjini, binti mwenyewe anaumwaga kwa maneno mawili!

"Ulitokaje?"

"Bibi alikuwa ananifungulia. Mwanawe akishalala juu, anakuja na mkongojo wake, taratibu, hata sakafu isisikie. Tunakaa jikoni, tunakunywa chai, ananisimulia mambo ya ujana wake. Halafu ananifungia tena ili mama, yaani Mwalimu, asigombe. Kila akinifungia ananiambia, 'Nisamehe, mjukuu wangu. Nilimlea mwenyewe, sijui nilikosea wapi.'" Machozi yalimtoka. "Dada, mimi nitamuuaje Bibi?"

"Najua. Najua, mdogo wangu. Na usiku ule?"

"Usiku ule hakunifungulia. Aliniambia mapema. Alisema leo nalala, kesho alfajiri nina mgeni, nataka kuonana naye kabla mwanangu hajaamka."

Dada Swali aliushika wavu kwa vidole vyote.

"Mgeni gani?"

"Yule aliyekuwa akija mama akiwa shuleni. Wanaongea habari za nyumba. Siku za mwisho walikuwa wanabishana, Bibi anasema nyumba hauzi, mgeni anasema tayari ameshawaahidi watu. Mimi nilikuwa namfungulia mgeni geti na kumpelekea maji tu."

"Na alfajiri ile nani alikufungulia mlango?"

"Si huyohuyo mgeni." Binti alishangaa kuulizwa. "Alikuwa hodari, anajua namna ya kulifungua, maana siku nyingine mama akinifungia mchana, Bibi humtuma yeye anifungulie nikachemshe chai. Alfajiri ile akafungua, akasema, 'Binti, amka, Bibi anakuita.' Nikaenda. Nikakuta mto uko juu ya uso wa Bibi. Nikautoa. Nikapiga kelele."

Krak. Krak.

Sasa Dada Swali alikikamata kile kitu kilichokuwa kikimponyoka. Komeo lililomshinda yeye kwa mikono miwili. Lililomshinda fundi. Lililomfanya mwanamume mzima aokolewe na majirani akiwa chooni. Na vidole vya mtu mmoja vilivyolifungua juu ya meza bila hata kulitazama.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti ile inayojulikana nchi nzima ilitetemeka. "Miezi yote hii, kwa nini hukumtaja huyo mgeni?"

"Nimtaje kwa nani, na mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe nani?"

"Wakili, dada."

Askari jela alipiga mwayo. Nje, mtu alikuwa akifagia uwanja.

"Ndiyo maana nilimshukuru Mungu alipokuja kituoni," binti aliendelea. "Nilisema, huyu ndiye aliyenifungulia, huyu anajua nilikuwa ndani. Akaniambia nisimtaje. Wakili hawezi kuwa shahidi, nikisema nilimwona watamtoa kwenye kesi, nami nitabaki peke yangu. Alisema yeye alimwacha Bibi mzima, kuna mtu aliingia mlango wa nyuma."

"Na wewe ukaamini?"

Binti alianza kukwaruza kutu ya wavu kwa ukucha.

"Nina nani mwingine, dada?"

Simu ya Dada Swali ilikuwa imeachwa getini, kwa hiyo hakuna neno hata moja lililorekodiwa. Komeo alilipeleka mwenyewe, kwa miguu yake, ndani ya mtandio wake, na sasa liko kwenye droo ya mtu huyohuyo, imefungwa kwa ufunguo. Aliyebaki anayeujua ukweli wote ni binti huyu mwembamba nyuma ya wavu.

"Nisikilize vizuri," alisema haraka. "Kuanzia sasa hivi, usiongee naye. Usile anachokuletea. Usitie saini chochote. Akija, mwambie unaumwa, mwambie—"

"Muda umekwisha!" Askari jela alisimama, akajinyoosha. "Na wewe binti, usirudi ndani. Pitiliza chumba cha pili. Wakili wako amefika, ameomba mwonane wawili tu."

Binti aliinua uso, akarekebisha kitambaa chake kichwani, na kwa mazoea ya miezi yote ile tabasamu likamjia kabla hofu haijafika.

"Umeona, dada?" alisema. "Hanisahau."